Inashughulikiwa

Kuna neno moja ambalo kila mtu aliyewahi kupanga foleni nchi hii amepigwa nalo usoni: inashughulikiwa. Pesa zako zimepotelea hewani kati ya simu na benki, unapiga kuuliza, dada wa upande wa pili anakwambia kwa sauti tamu kabisa, "Inashughulikiwa." Unafuatilia kitambulisho kilichopotea, kinashughulikiwa. Cheti, rufaa, ombi la kazi, yote yanashughulikiwa. Unatoka pale umejibiwa lakini hujaambiwa kitu. Nani anashughulikia? Anafanya nini hasa? Alianza lini? Neno limemeza maswali yako yote na halijashiba.

Neno hilo hilo limejaa ndani ya programu zinazotuendesha. Madevelopa wengi hapa Nairobi huandika kazi zao kwa Kiingereza, lakini ukiyatafsiri majina waliyoyapa mafungu ya msimbo wao unakutana na huyu huyu jamaa: shughulikiaMalipo, shughulikiaMkopo, endeshaData, fanyaKazi. (Ndiyo, msimbo. Mtaani tunasema kodi, lakini ikifika mwisho wa mwezi neno hilo linamleta landilodi mlangoni, kwa hivyo tuliache.)

Mimi si developa wa kuajiriwa. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea kompyuta, kwa sababu ya karo, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Siku hizi nakula kwa kuandika, na sehemu ya kibarua hicho ni kuziandikia kampuni ndogo maelezo ya programu zao: hii inafanya nini, ile inafanya nini. Yaani nalipwa kusoma msimbo wa watu wengine na kuueleza kwa lugha ya binadamu. Ukifanya kazi hiyo kwa muda, linakuingia swali ambalo halikuwa kwenye silabasi. Kukipa kitu jina bovu ni uzembe tu wa kazi, au ni aina ya uongo?

Nadhani inategemea hicho kitu kinagusa nini. Kwenye mchezo wa simu ni uzembe, na hakuna atakayeumia. Kwenye hifadhidata inayotunza deni lako, tarehe uliyolipa na kama wewe ni mtu wa kuaminika au la, ni jambo zito zaidi ya uzembe.

Kwa wale ambao hawajawahi kuandika programu: methodi ni fungu la maagizo lililopewa jina. Ukiliandika jina hilo mahali pengine popote, kompyuta inaenda kwenye fungu, inatekeleza kila kitu kilichomo, inarudi. Ni kama kumwambia mtu "pika chai." Huhitaji kumwambia washa jiko, pima maji, tia majani. Jina limebeba yote. Na ndiyo maana halisi ya kuwa na jina: hutasimama mlangoni kumwangalia. Umeamini. Anayekuja kusoma msimbo wako baada yako, mara tisa kati ya kumi, ataliamini jina na kupita. Kwa hivyo jina la methodi ni ahadi kwa mtu ambaye umeshajua kwamba hatafungua kuangalia ndani.

Sasa tuchukue mfano. Ni wa kubuni, lakini yeyote aliyewahi kufungua programu za namna hii atautambua. Kuna chama cha watu 60. Walianza na daftari, wakaja Excel, halafu mpwa wa mweka hazina akawaandikia programu. Ndani yake mna methodi moja iitwayo shughulikiaMalipo. Ina mistari 300. Inafungua njia ya kwenda kwenye hifadhidata. Inamtafuta mwanachama kwa namba ya simu. Inasoma mkopo wake. Inaangalia tarehe. Inahesabu kama amechelewa, na siku ngapi. Inazigawa pesa alizotuma. Inaandika salio jipya. Ikibidi, inambadilishia mwanachama hali yake kutoka "mzuri" kuwa "mdaiwa sugu". Inatuma SMS. Inafunga njia. Katikati ya hayo kuna vipande vya SQL vilivyoshonwa kwa alama za kujumlisha, vigezo vinavyoitwa x, x2 na x3, na maoni ya mstari mmoja yaliyoachwa na mtu ambaye hayupo tena: usiguse hapa.

Haikuzaliwa hivyo. Ilianza na mistari 20. Kila mara chama kilipoomba kitu kipya, chumba kimoja kikaongezwa nyuma, kama zile ploti ambazo zimejengwa hadi dirisha lako linafungukia jikoni kwa mtu mwingine. Hakuna mtu mmoja aliyekaa chini akaamua kuandika mistari 300. Ndiyo maana hakuna mtu mmoja anayejua imesema nini.

Dawa yake inajulikana. William Opdyke aliiandikia tasnifu ya uzamifu kule Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1992, na mwaka 1999 Martin Fowler, akisaidiana na kina Kent Beck, akatoa kitabu kilichoifanya kazi hiyo iwe na jina duniani kote: rifakta, yaani kuupanga upya msimbo bila kubadilisha matokeo yake. Mfano wa kwanza kwenye kitabu hicho ni duka la kukodisha kanda za video (wadogo zetu waulize wazazi) lenye methodi moja ndefu ya kumtengenezea mteja taarifa yake. Methodi hiyo inahesabu bei, inahesabu pointi, inapanga maandishi, yote kwa pumzi moja. Fowler anaikata kipande kwa kipande, na kila kipande anakipa jina la kazi kinayoifanya. Ushauri wake mmoja ninaupenda sana: ukijikuta unataka kuandika maoni ya kueleza kipande fulani cha msimbo, hiyo ni dalili kwamba kipande hicho kinataka kutolewa na kupewa jina. Maoni yenyewe ndiyo jina.

Haya, tukate. Methodi yetu kuu sasa inasomeka hivi: tafutaMwanachama, somaMkopo, hesabuSikuZaKuchelewa, gawaMalipo, andikaSalioJipya, mjulisheMwanachama. Mistari sita. Hata mweka hazina ambaye hajawahi kuona msimbo maishani anaweza kuisoma akiwa amesimama. Wengi huishia hapo, wanafunga laptopu, wanaenda kula.

Lakini angalia gawaMalipo. Ni jina safi, na halisemi chochote. Ukifungua ndani unakuta kwamba pesa ya mwanachama inakata faini kwanza, ikibaki inakata riba, ikibaki tena ndipo inapunguza mkopo wenyewe. Mpangilio huu si wa ajabu, wakopeshaji wengi hufanya hivyo. Tuseme mama anayeuza mitumba ana mkopo wa shilingi 10,000, faini ya 500 na riba ya 300. Anatuma 700. Faini inakula 500, riba inakula 200, na mkopo unabaki 10,000 kama ulivyokuwa, pamoja na shilingi 100 za riba zinazosubiri. SMS inamwambia: "Malipo yako ya 700 yamepokelewa." Yeye kichwani ameshaandika 9,300. Hakuna neno la uongo kwenye ule ujumbe, na bado amedanganyika.

Sasa kipe kipande hicho jina la ukweli: kataFainiKishaRibaKishaMkopo. Ni refu, ni baya machoni, na litamfanya mtu aseme, "Ngoja kwanza. Faini ndiyo ya kwanza? Tulikubaliana lini?" Hapo ndipo jina limefanya kazi yake. Lile jina safi lilikuwa linamsaidia nani?

Kipande kingine, mstari wa 180 hivi: pesa ikiingia baada ya saa kumi na moja jioni, inahesabiwa kama imeingia kesho yake. Mpwa aliweka hivyo kwa sababu zamani yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiziingiza kwa mkono na alikuwa anatoka saa hiyo. Siku hizi mashine haitoki, lakini sheria yake bado iko kazini. Mtu anayefunga kibanda saa moja usiku, akalipa siku ya mwisho akiwa njiani kwenda nyumbani, kila mwezi anachelewa. Kwenye ile methodi ya mistari 300 jambo hili lilikuwa limelala tu, kama paka chini ya gari. Ukilitoa lazima ulipe jina. Unaweza kuliita rekebishaTarehe, na litaendelea kulala. Au unaweza kuliita hesabuMalipoYaJioniKamaYaKesho, na hutaweza kuliandika jina hilo bila kutaka kumpigia mtu simu.

Hiki ndicho ninachotaka kusema kuhusu hii kazi yote ya kukata na kubatiza. Watu huiuza kama usafi. Msimbo msafi, msimbo unaosomeka, msimbo wa kujivunia. Mimi naona ni kitu kingine. Methodi ndefu ni mahali ambapo maamuzi yanaishi bila mwenyewe. Kila jina unalotoa linamlazimisha mtu fulani akubali kwamba hapa kuna uamuzi, uamuzi ni huu, na unamfanyia mtu fulani jambo fulani. Confucius, alipoulizwa angeanza na nini akipewa serikali, alisema angeanza kwa kuyasahihisha majina, na mwanafunzi wake akaona mzee amepotea njia. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilimwunga mkono mwanafunzi. Siku hizi sina uhakika huo.

Kwenye hifadhidata kuna mpaka mmoja ambao jina likiudanganya, madhara yake ni ya moja kwa moja: mpaka kati ya kusoma na kuandika. Bertrand Meyer alilisema hili tangu miaka ya 1980, kwamba methodi ama ijibu swali ama ibadilishe kitu, isifanye yote mawili. Umemtuma mtoto jikoni aangalie kama githeri imeiva. Anarudi, anasema bado. Hakwambii kwamba akiwa huko ameongeza chumvi. Ukimtuma mara tatu, chakula hakiliki, na hakuna hata mmoja wenu anayejua kwa nini. Nimekutana na methodi iliyoitwa kwa jina lenye maana ya "tafuta mteja" ambayo ikimkosa mteja inamwumba, bila kelele, rekodi mpya na salio sufuri. Mtu akikosea tarakimu moja ya namba ya simu, anazaliwa binadamu ambaye hayupo. Niliposema kwenye maelezo yangu kwamba jina halilingani na kazi, nilijibiwa kwamba programu inafanya kazi vizuri. Ni kweli, ilikuwa inafanya kazi. Swali lilikuwa kazi gani.

Kiswahili kina ujanja wake hapa, na tunaufahamu tangu utotoni. "Mama, kikombe kimevunjika." Si "nimekivunja", hapana. Kimevunjika, kwa mikono yake chenyewe. Lugha yetu ni kali sana kuhusu mtenda, haikuruhusu kusema "anapiga" bila kuweka a-, na inaweza kubana mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja: tutamtoza. Lakini pia imetuachia milango miwili ya kutorokea, ile -ika ya kuvunjika na ile -wa ya kushughulikiwa. Akaunti imefungwa. Ombi limekataliwa. Jina limeorodheshwa. Na jina la methodi lina mlango wa tatu, kwa sababu huwa ni amri tupu: funga, toza, futa. Amri inayo mtendaji, ambaye ni mashine, lakini haionyeshi anayeamuru wala anayefanyiwa. Ndiyo maana nikiandika mifano kwa Kiswahili napenda kumrudisha mtu ndani ya neno. Badala ya badilishaHali naandika mtangazeMdaiwaSugu. Hiyo m- ndogo inanikumbusha kwamba pale mwisho wa waya kuna mtu mwenye jina. Rafiki yangu mmoja developa aliiona akacheka, akasema, "Hii sasa inatisha, bana." Nikamwuliza kama hali yenyewe haitishi.

Najua mtu atasema: wewe si unayeamka saa tisa usiku kurekebisha seva, ni rahisi kuhubiri. Developa amepewa wiki mbili kufanya kazi ya miezi miwili, halipwi kwa majina mazuri, analipwa kitu kikiwaka. Hiyo hoja naiheshimu, nami pia nalipwa kwa kazi, si kwa saa. Siwezi kumhukumu mtu aliyeikuta methodi ya mistari 300 Ijumaa jioni, akaongeza mstari wa 301, akaenda zake. Lakini shinikizo hilo linaeleza kwa nini jina limekuwa bovu. Halibadilishi anayelilipia. Anayelilipia ni mama wa mitumba, ambaye hakuwepo wiki mbili zilipokubaliwa.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Kompyuta haisomi majina. Uiite hesabuFaini au uiite ng'ombe, matokeo ni yale yale, kwa hivyo ukweli uko kwenye mistari, na jina ni pambo. Basi nani atakayesoma mistari? Mahakama? Mweka hazina? Developa mpya aliyeajiriwa juzi, mwenye methodi 4,000 mbele yake? Mkataba ulioandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi pia una ukweli wote, na tunajua umeandikwa hivyo ili nani asiusome. Ukweli uliowekwa mahali ambapo unajua hautafikiwa unafanya kazi ile ile ya uongo.

Wazee wanasema jina jema hung'aa gizani. Kwa methodi, jina jema linaweza pia kung'aa vizuri hadi usione giza lililo nyuma yake, na hapa ndipo mimi na mashabiki wa kukata tunaachana kidogo. Robert Martin, katika kitabu chake cha 2008 ambacho kila developa anakijua hata kama hajakisoma, anasema methodi ziwe ndogo, kisha ziwe ndogo zaidi. John Ousterhout, profesa wa Stanford, alijibu mtazamo huo mwaka 2018: ukikata sana unapata vijipande ambavyo kila kimoja hakifanyi kitu cha maana, na kuelewa jambo moja inabidi uruke kutoka hapa hadi pale. Namwelewa kabisa, kwa sababu nimekulia kwenye ofisi za nenda dirisha namba tatu. Dirisha la tatu linapokea fomu. La tano linagonga muhuri. La saba linasema faili haijafika. Kila karani amefanya kazi yake sawasawa, na wewe unarudi nyumbani bila cheti. Hannah Arendt aliuita urasimu utawala wa Hakuna Mtu, na msimbo uliokatwa vibaya unaweza kuwa hivyo. Methodi hesabuFaini inahesabu tu. Methodi andikaFaini inaandika tu kile ilichopewa. Methodi mtangazeMdaiwaSugu inaangalia faini iliyoandikwa. Methodi tumaOrodha inapeleka orodha. Muulize yeyote kati ya walioziandika, atakuonyesha kipande chake, na ni kisafi kama sahani ya wageni.

Watu wa hifadhidata waliligundua tatizo hili zamani, kwa upande wao. Ukihamisha pesa kutoka akaunti moja hadi nyingine kuna vitendo viwili: kutoa na kuweka. Vikate uwezavyo, toaPesa na wekaPesa, majina safi, mistari minane minane. Kama kila kimoja kinafungua njia yake na kuthibitisha kazi yake peke yake, halafu stima ipotee katikati, pesa imetoka na haijaingia popote. Ndiyo maana kuna muamala, ambao Jim Gray aliusomea na kuuandikia hadi akapewa Tuzo ya Turing mwaka 1998: vitendo vyote vifaulu pamoja, au vyote virudishwe kama havikutokea. Mwaka 1983 Theo Härder na Andreas Reuter walizipa sifa za muamala jina la kifupi ACID, na herufi ya kwanza ndiyo hiyo ya kutogawanyika. Anayerifakta msimbo wa hifadhidata bila kujali hili anaweza kuugeuza muamala mmoja kuwa vipande saba vya kupendeza, na asigundue mpaka stima ipotee.

Kwa hiyo ukate, ndiyo, lakini lazima ibaki methodi moja juu inayoushika muamala mzima, inayoanza na kumaliza, na yenye jina la kitendo kizima. Siwezi kuifikiria methodi hiyo bila kufikiria habari ya Horizon kule Uingereza. Ni mfumo wa kompyuta uliowekwa kwenye matawi ya posta kuanzia 1999. Mahesabu yalipokosa kulingana, wasimamizi wa matawi waliambiwa wameiba. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia kwa ushahidi uliotegemea mfumo huo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika kwa kulipa pesa ambazo hazikuwahi kupotea. Mwaka 2019 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates na wenzake, iliamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta mapengo hayo, na kwamba wataalamu wa kampuni waliweza kuingia kutoka mbali na kugusa hesabu za tawi bila mwenye tawi kujua. Mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya kuzifuta hukumu hizo.

Katika ripoti ya ndani ya 1998, iliyokuja kuwekwa wazi mbele ya tume ya uchunguzi, kuna kipande cha msimbo ambacho madevelopa wengi wamekicheka. Ni methodi fupi ambayo jina lake lina maana ya "geuza alama". Kazi yake ni kubadilisha namba kutoka chanya kuwa hasi au kinyume chake. Badala ya kuweka tu alama ya kutoa mbele, inauliza kwanza kama namba iko chini ya sufuri, na kama haiko, inachukua namba na kuipunguza mara mbili yake yenyewe. Ni mzunguko wa bure, kama kutoka CBD kwenda Westlands ukipitia Rongai. Ripoti iliitumia kuonyesha kiwango cha kazi. Lakini iangalie tena: ni fupi, jina lake ni la kweli, na jibu lake ni sahihi. Kwa kipimo cha ufupi na jina ingepita mtihani. Kilichowavunja watu wa posta hakikuwa humo. Walivunjwa na mfumo ambao ukibadilisha hesabu yako haukwambii kwamba umeibadilisha, na taasisi ambayo ukiuliza inakujibu kwamba hakuna mwingine mwenye shida hiyo ila wewe.

Sisi tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kifungu cha 35 kinakupa haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo lenye athari ya kisheria au athari kubwa kwako. Uamuzi wa namna hiyo ukifanywa, unapaswa kujulishwa kwa maandishi, na unaweza kuomba uangaliwe upya. Nakipenda kifungu hicho, halafu nawaza kuhusu mtu atakayeletewa ombi lako mezani. Atafungua programu aone kwa nini uliitwa mdaiwa sugu. Akikuta shughulikiaMalipo, mistari 300, ataiamini kwa sababu hana la kufanya, na atakuandikia kwamba suala lako limeangaliwa. Akikuta vipande 40 vyenye majina ya kupendeza, ataviamini pia, haraka zaidi. Haki hiyo ina nguvu pale tu ambapo kuna mahali pa kusoma, kwa maneno ya kawaida, kwamba ulilipa saa moja jioni na ukahesabiwa kesho.

Kwenye ule mfano wetu wa chama nimeacha kipande kimoja ambacho hakijakatwa. Kiko karibu na mwisho, mistari minne, na kinasema hivi: kama namba ya mwanachama ni 14, faini iwe sufuri. Hakuna maoni, hakuna tarehe. Huenda namba 14 alikuwa mgonjwa mwaka mmoja na wanachama wakakubali kumsamehe. Huenda ni mwenyekiti. Huenda ni mama yake mpwa. Huenda lilikuwa jaribio tu, likasahaulika. Kuna jina la heshima ambalo lingekubalika popote, kaguaHaliMaalum, na developa anaweza kuliandika sasa hivi na kumaliza kazi kabla ya saa sita. Jina lingine lolote, kuanzia msameheMgonjwa hadi usimtozeMwenyekiti, hawezi kuliandika peke yake. Inabidi ampigie mweka hazina, na mweka hazina naye inabidi afungue lile daftari la zamani, la kabla ya Excel, atafute ukurasa.